Roy Plunkett, aliyetuachia kikaango kisichoshika

Kuna watu ambao majina yao ni nadra kutajwa barazani, lakini kazi yao imo katika kila nyumba. Mmoja wa watu hao ni Roy Plunkett, mwanakemia wa Kimarekani aliyefariki dunia mwaka 1994. Kwao ni mtu mashuhuri, na jina lake limo katika orodha ya wavumbuzi wakubwa wa taifa lake pamoja na Edison na wale ndugu wawili Wright. Kwetu sisi ni bwana tusiyemjua, ingawa kila magharibi ya Ramadhani mikono ya wapishi wetu inaishika kazi yake. Ndiye aliyekigundua kile kitu kilichopakwa ndani ya kikaango laini, kinachofanya yai lisigande na chapati iteleze kama samaki majini.

Leo nataka kuyaeleza maisha ya bwana huyu tangu kuzaliwa hata kufa, na ninayo sababu. Kikaango chake kimekwisha kufika hata katika mitaa ya wanyonge. Mimi mwenyewe nimekiona Mukuru kwa Reuben, Nairobi, kikisuguliwa kwa waya na mchanga. Chombo kimefika, lakini elimu yake imebaki njiani. Na sehemu kubwa ya elimu hiyo imo katika habari za mtu huyu.

MTOTO WA MKULIMA

Roy Plunkett alizaliwa tarehe 26 Juni 1910 katika mji mdogo wa New Carlisle, jimbo la Ohio. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali. Alisoma katika chuo cha Manchester, jimbo la Indiana, akamaliza mwaka 1932. Mwaka huo Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Viwanda vilikuwa vimefungwa na watu wenye shahada walikuwa wakizurura mijini wakitafuta kibarua.

Huko chuoni aliwahi kukaa pamoja na kijana mwenziwe, Paul Flory. Wote wawili waliipenda kemia, na wote wawili wakaenda kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. La ajabu ni kwamba Flory ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1974, kwa kueleza jinsi chembe ndogo zinavyoshikana zikawa minyororo mirefu, ambayo ndiyo asili ya plastiki na mpira. Mwenziwe, Plunkett, aliukuta mnyororo wa namna hiyo umejifunga wenyewe mbele ya macho yake, bila ya kuutafuta.

Plunkett alipata udaktari wa kemia mwaka 1936, na mwaka huo huo akaajiriwa na kampuni ya DuPont, katika maabara yake iliyokuwa Deepwater, jimbo la New Jersey.

MTUNGI ULIOKATAA KUTOA GESI

Kazi aliyopewa kijana huyu haikuhusu vikaango hata kidogo. Ilikuwa kazi ya mafriji. Mafriji ya zamani yalitumia gesi zenye sumu, na zikivuja ndani ya nyumba ziliweza kuua watu. DuPont walikuwa tayari na gesi mpya isiyo na sumu hiyo, waliyoiita Freon, nao walitaka kupata nyingine za jamii yake. Plunkett na msaidizi wake, Jack Rebok, wakatengeneza kiasi cha kilo 45 za gesi iitwayo tetrafluoroethilini, wakaitia katika mitungi midogo ya chuma na kuihifadhi kwenye baridi kali.

Asubuhi ya tarehe 6 Aprili 1938, Rebok alifungua mtungi mmoja, gesi isitoke. Wakadhani kilango kimeziba, wakakizibua, wapi, kimya. Mtu mwingine angeandika katika daftari kwamba gesi imevuja, akautupa mtungi huo na kuchukua wa pili. Hawa waliuweka kwenye mizani. Uzito ulikuwa ule ule wa mtungi uliojaa. Basi kilichotiwa kilikuwa bado kimo.

Waliondoa kilango wakaupindua mtungi, ukadondoka unga mweupe wenye utelezi kama nta. Kisha wakaikata mitungi kwa msumeno, wakakuta kuta za ndani zimegandiwa na kitu kile kile. Gesi ilikuwa imejifunga ikawa kitu kigumu.

Plunkett akaanza kuupima unga huo. Asidi kali haikuudhuru. Magadi makali hayakuuharibu. Haukuyeyuka katika dawa yoyote aliyokuwa nayo, na ulistahimili joto ambalo plastiki nyingine zingekwisha kuwa uji. Hakuna kitu kilichokubali kuushika. Hati ya uvumbuzi iliombwa mwaka 1939, ikatolewa kwa jina lake tarehe 4 Februari 1941. Kampuni baadaye ikaupa jina la biashara la Teflon.

KUTOKA VITANI HADI JIKONI

Kazi ya kwanza kubwa ya kitu hiki ilikuwa ya siri. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wamarekani walikuwa wakitengeneza bomu la atomiki, na huko Oak Ridge walitumia gesi ya urani iliyokuwa ikila kila kizibo walichokitia katika mabomba yao. Unga wa Plunkett ndio uliostahimili. Hivyo kitu hiki kilikuwa na sehemu katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, kabla hakijawahi kupika yai hata moja.

Safari yake ya jikoni ilianzia Ufaransa. Mhandisi Marc Grégoire alitafuta njia ya kuipaka Teflon kwenye alumini, nia yake ikiwa ni vifaa vyake vya kuvulia samaki. Mkewe, Colette, akamshauri aipake kwenye vyombo vya kupikia. Hapo palikuwa na fumbo: kitu kisichoshikwa na chochote, kitashikaje kwenye sufuria? Grégoire aliichimbua alumini kwa asidi ikawa na vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na Teflon ikaingia humo ikajishika kama mizizi ya mkoko katika matope. Mwaka 1956 wakaanzisha kampuni ya Tefal.

Msomaji naomba alitie jambo hili akilini, kwa sababu siri yote ya kuosha imo humo. Utando wa kikaango ni mwembamba kuliko unywele, nao umeshikwa na vishimo tu. Hauogopi asidi wala chumvi. Unaogopa kukwaruzwa na unaogopa moto uliopita kiasi.

Tangu hapo matumizi yake yamekuwa mengi. Ule utepe mweupe ambao fundi wa bomba huuzungusha kwenye nyuzi za mfereji ni kitu hicho hicho. Na wale waliojaaliwa kwenda kuhiji wamekaa chini ya kivuli chake. Paa la mahema la kituo cha mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, lililokamilika miaka ya mwanzo ya 1980, ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon. Na baada ya moto wa Mina wa Aprili 1997, ulioua mahujaji zaidi ya 300, mahema ya zamani ya pamba yaliondolewa, yakawekwa ya kitambaa cha namna hiyo kisichoshika moto kwa urahisi.

UPANDE WA PILI WA KAZI YAKE

Mtu anayesimulia sifa tupu hamtendei haki msomaji. Plunkett hakuendelea na Teflon. Wengine ndio walioikuza. Yeye mwaka 1939 alihamishiwa utengenezaji wa dawa ya risasi iliyokuwa ikichanganywa na petroli ili injini zisigonge, akawa mkubwa wa wanakemia wa kazi hiyo hadi mwaka 1952. Risasi hiyo ilitoka katika bomba la moshi la kila gari ulimwenguni ikaingia katika damu ya watoto na kudhuru akili zao. Sisi Afrika ya Mashariki tuliivuta hadi petroli ya risasi ilipokomeshwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021.

Baadaye Plunkett alirudi kwenye kazi za Freon hadi alipostaafu mwaka 1975. Gesi hizo nazo, zilizookoa watu na sumu za mafriji, zilikuja kuonekana kuwa zinatoboa utando wa ozoni ulio juu angani, na mataifa yakakubaliana mwaka 1987 kuzipunguza.

Na Teflon yenyewe? Katika kuitengeneza, viwanda vilitumia kemikali nyingine iitwayo kwa ufupi PFOA. Kemikali hii iliingia katika maji ya kunywa ya watu waliokaa karibu na kiwanda cha Parkersburg, West Virginia. Watu walishitaki, na mwaka 2017 makampuni mawili yalikubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi zaidi ya 3,500. Kampuni kubwa zilikuwa zimeahidi kuiacha PFOA ifikapo 2015. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia katika fungu la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Sisemi haya ili watu wavitupe vikaango vyao. Utando wenyewe ukiwa mzima na moto ukiwa wa kiasi hauna dhara linalojulikana, na hata kipande chake kikimezwa hupita tumboni kikatoka kama kilivyoingia. Ninasema ili tuone kwamba kila zawadi ya mtu huyu ilikuja na masharti, na mara zote waliodhurika ni wale ambao hawakuambiwa masharti hayo mapema.

MUKURU KWA REUBEN

Sasa twende Nairobi. Mukuru kwa Reuben ni mtaa wa mabati ulio ubavuni mwa Eneo la Viwanda, karibu na Mto Ngong. Alfajiri wanaume kwa wanawake hutoka kwa miguu kwenda viwandani, na jioni vichochoro hujaa harufu ya chipsi, mandazi na samaki wa kukaanga. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza mitaa ya Mukuru, yaani kwa Reuben, kwa Njenga na Viwandani, kuwa eneo la mpango maalumu ili yapatikane maji, njia na nyumba bora. Lakini chumba cha watu wengi bado ni cha futi 10 kwa 10, nacho ndicho jiko, ndicho sebule, ndicho pa kulala mtoto.

Vikaango nilivyoviona huko ni vya mitumba. Vimetumika katika nchi nyingine, kisha vikauzwa kwa fungu juu ya turubai, bila kifuniko na bila karatasi ya maelezo. Anayevinunua ni mama mwenye biashara ndogo, naye hukiosha kikaango kama alivyofunzwa na mamake kuosha sufuria: kwa waya, kwa jivu, kwa mchanga. Wala si ujinga. Maji huko hununuliwa kwa mtungi, na mchanga hula maji machache kuliko sabuni. Kwa sufuria tupu ya alumini desturi hiyo ni nzuri. Kwa kikaango cha Plunkett ni sawa na kukipiga tupa.

Wako pia kina mama wa mitaa kama hii wanaokwenda kuosha vyombo katika nyumba za wenye nafasi. Huko wanakutana na kikaangio cha hewa, mashine ambayo kampuni ya Philips iliitoa sokoni mwaka 2010, na ambayo bakuli na kikapu chake mara nyingi hupakwa utando huo huo. Mabinti zetu wa Mombasa, Kilifi na Kwale wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na nchi za Ghuba hukikuta chombo hicho siku ya kwanza. Kosa la dakika moja la waya laweza kukatwa katika mshahara wa mwezi. Kwa hiyo elimu hii ni riziki ya mtu.

NAMNA YA KUKITUNZA

Kwanza ni moto, kwa sababu kuosha huanzia motoni. Kikaango hiki kisiwekwe kitupu juu ya jiko lenye moto mkali. Utando huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260, na likifika kama 350 hutoa moshi unaomtia mtu homa, baridi na kubanwa kifua kwa siku moja au mbili. Ndege hawana hata siku hiyo. Kasuku katika kizimba hufa kwa moshi huo upesi. Fikiria basi mtoto mchanga katika chumba cha futi 10. Jiko la gesi lina kitasa cha kupunguza, lakini jiko la makaa halina, kwa hiyo ngoja makaa yatande jivu ndipo utie kikaango. Tia mafuta kabla hakijapata moto, na mafuta yakianza kutoa moshi, kiondoe. Mafuta hutoa moshi mapema kabla utando haujafika hatarini, nayo ni alama nzuri kwa mtu asiye na kipimo.

Pili, kiache kipoe. Maji baridi juu ya kikaango cha moto hukipinda, na kikipinda utando huanza kuachana na alumini.

Tatu, kabla ya maji, futa mafuta yote kwa karatasi au kitambaa kikuukuu. Hapo utakuwa umeokoa nusu ya maji yako. Kisha tumia maji ya uvuguvugu kidogo, sabuni ya kawaida, na sifongo laini au dodoki lililolowekwa hata likalainika. Waya, mchanga, jivu na kumbi la nazi viwekee sufuria.

Nne, chakula kikigandamana, usikikwangue. Tia kikombe kimoja cha maji ya moto na kijiko cha soda ile ya kutilia mandazi, ukiache kikaango nusu saa, kitatoka chenyewe. Magadi usiyatumie, ni makali, na pale alumini ilipokwisha kuwa wazi yataila.

Tano, ni kijiko. Hapa wazee wetu walitutangulia. Mwiko wa mti na upawa wa kifuu ndivyo hasa vinavyofaa chombo hiki, na uma wa chuma ndio adui yake. Na ukivipanga vikaango kimoja juu ya kingine, weka kitambaa katikati.

Ama kikaangio cha hewa, kichomoe kwanza katika umeme na kiache kipoe. Bakuli na kikapu vioshwe kama kikaango. Mwili wa mashine usitiwe majini kamwe. Ufutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Juu ndani pana waya wa moto, na mafuta yanayorukia hapo yasipofutwa huungua na kutoa moshi, hata pengine kuwasha moto. Mashine ikiwa imepoa kabisa, ipindue na usafishe taratibu kwa brashi laini yenye unyevu, kisha ikauke vizuri kabla ya kuwashwa. Tena, mashine hii hula wati 1,500 au karibu na hapo. Nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo, kama tunavyoziona katika mitaa mingi ya mabati, haziwezi mzigo huo.

Mwisho, kikaango kilichokwisha kuambuka kisipikiwe, kwa kuwa chakula kitashika na kazi ya kikaango hicho imekwisha. Na mafundi wetu wa jua kali wanaoyeyusha vyuma chakavu kutengeneza sufuria wajue kwamba alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Kabla ya kufika huko utando wote umekwisha kugeuka moshi wenye sumu. Vikaango vya aina hii visiyeyushwe pamoja na vyuma vingine vichochoroni.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Heshima alizipata Plunkett angali hai. Mwaka 1951 mji wa Philadelphia ulimpa nishani ya John Scott, na wageni waliohudhuria walipewa kila mmoja bati la kuokea keki lililopakwa Teflon, miaka kadhaa kabla vyombo hivyo havijajaa madukani. Mwaka 1985 jina lake likatiwa katika ile orodha ya wavumbuzi wa taifa. Alifariki tarehe 12 Mei 1994 huko Corpus Christi, jimbo la Texas, kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 83.

Watu husema kwamba alibahatika tu. Bahati ilikuwapo, hilo sikatai. Lakini mtungi ule ungeweza kuwafikia watu wengine wakautupa. Yeye na msaidizi wake waliupima kwanza. Ukinunua kikaango chake sokoni, Gikomba au Kongowea, kiangalie utando wake kwa ndani kabla ya kutoa pesa, ukipapase kwa kidole kama kina mikwaruzo. Na ukimpa mtu mwingine kikaango chako, mfundishe na namna ya kukiosha.